Kurasa Nne za Wino wa Bluu

Fomu ya mwisho uliyotia saini, uliisoma yote?

Usijibu haraka. Ulionyeshwa mstari, ukaambiwa "saini hapa", ukasaini, ukarudisha kalamu na kusema asante. Ukurasa wa pili ulikuwa na nini? Hujui. Wala usijione mjinga peke yako. Mtaa mmoja mzima wa Buhongwa, upande wa mlimani kwenye mawe, ulikaa na fomu moja mfukoni kwa wiki tatu. Mwenyekiti aliituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, faili la PDF, na kila mwenye simu alikuwa nalo. Watu walilibonyeza, wakaona maandishi mengi, wakalifunga. Hakuna aliyevuka ukurasa wa kwanza, mpaka siku lilipofika sebuleni kwa Obedi Shigela.

Huyu Obedi, mtaa mzima unamwita Karani. Ana miaka sitini na mbili, na hajawahi kuwa karani wa ofisi yoyote ya serikali. Ujanani alikuwa mpiga chapa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, upande wa Misungwi, enzi za mashine za kugonga kwa vidole kumi. Siku moja meneja alimpa karatasi aichape nakala sabini na moja. Ilisema kwamba mfanyakazi aliyetajwa hapo chini amekubali kuacha kazi kwa hiari yake na hana dai lolote. Obedi aliichapa bila kosa hata moja. Kesho yake wachambuaji sabini walipanga foleni, wakachovya dole gumba kwenye wino, wakabandika pale walipoambiwa. Waliamini ni karatasi ya posho. Yeye alisimama pembeni akijua kila neno lililomo, na hakufungua mdomo. Mwisho wa foleni akapewa ya kwake, naye akatia saini.

Kiwanda kilifungwa, popo wakahamia. Lakini tangu siku ile Obedi alijiwekea masharti mawili, na hayavunji kwa mtu yeyote, awe diwani au mchungaji. La kwanza: karatasi haitoki nyumbani kwake mpaka mwenyewe aisikie yote, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. La pili: jina lako utaliandika mwenyewe, kwa kidole chako, hata kama utachukua nusu saa kuitafuta herufi moja.

Kompyuta yake ni ya mkononi lakini haiendi mkononi, kwa sababu betri yake ilikufa zamani na sasa inaishi kwa kufungwa kwenye soketi. Printa aliinunua kwenye mnada wa shule moja iliyofilisika. Inakaa juu ya meza iliyo kando ya cherehani ya mke wake, Modesta, imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama redio ya bibi harusi. Haivuti karatasi mpaka uigonge ubavu wa kushoto.

Alhamisi moja, saa tisa ya mchana, mtu alibisha.

"Hodi hapa kwa Karani."

"Karibu, mama Chenge," Modesta aliitikia huku mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Pita tu. Yuko na mke mwenzangu, hiyo printa yake, anamfuta vumbi."

Mama Chenge aliingia. Ni mjane wa nyumba ya tatu kutoka pale, mwanamke mrefu wa miaka hamsini na kitu. Mumewe, Nkwabi Shimba, alifariki miaka minne iliyopita. Mkononi alishika karatasi moja iliyokunjwa mara nne, na hakukaa.

"Karani, wananinyang'anya nyumba."

Obedi aliweka kitambaa chini. "Nani?"

"Shemeji yangu Mhoja. Yule wa Misungwi. Nimetoka kusoma orodha ya viwanja iliyobandikwa pale kwa wapimaji. Kiwanja namba mia mbili na kumi na nne, mmiliki Mhoja Shimba. Nimesoma mara tatu, nikamwita mtoto wa shule naye akanisomea. Ni Mhoja. Na Jumamosi wanapita kupanda mawe ya mipaka."

Hao wapimaji ni kampuni iliyopewa kazi ya kurasimisha viwanja vya mtaa. Walipanga chumba karibu na barabara ya Shinyanga, wakaweka kaunta, daftari na kijana mmoja anayeitwa Alexander. Aliyeona kosa kwenye orodha alitakiwa apeleke fomu ya pingamizi kabla ya Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri. Baada ya hapo jiwe likishasimama, hilo jiwe ndiyo hati yako au msiba wako.

"Umepeleka pingamizi?"

"Nimepeleka hii." Alimpa ile karatasi. "Alexander anasema fomu halali ni ya steshenari ya getini pao tu. Nikanunua huko, wakanijazia. Kuipeleka kaunta, amefungua daftari, akaniambia: mama, wapimaji walipopita uliulizwa hapa ni kwa nani, ukajibu ni kwa Shimba. Sasa Shimba amekuja, Mhoja Shimba, amesema yeye ndiye. Unapinga nini?"

"Ulijibu hivyo kweli?"

"Ningejibuje?" Mama Chenge alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linatokea mashariki. "Mimi ni mke wa pale. Mtu akiniuliza hapa kwa nani, nitasema kwa nani?"

Modesta alisimamisha cherehani. Na yeye wapimaji walimuuliza swali lilelile, na yeye alijibu "kwa Shigela" bila kufikiri. Mwanamke gani wa kwetu angejibu vingine? Nyumba ina jina la mume. Mume akifa, jina linabaki limesimama mlangoni kama mlinzi. Hakuna aliyewahi kuwaza kwamba mlinzi huyo anaweza kumfungulia mlango ndugu wa marehemu.

Obedi alifungua kompyuta, akalitafuta lile faili kwenye kundi la mtaa. Lilipofunguka, alivaa miwani na kuinama.

"Mama Chenge, hii karatasi yako ni ukurasa mmoja."

"Ndiyo waliyonipa."

"Hapa pameandikwa ukurasa wa kwanza kati ya nne."

Alishuka chini kwa kidole. Ukurasa wa pili ulikuwa na maandishi madogo kama punje za ulezi. Obedi aliyakuza mpaka yakajaa kioo, kisha akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, kama anavyosoma siku zote. Kwamba fomu hii ni bure na inaweza kujazwa na kuchapishwa mahali popote. Kwamba ijazwe kwa wino mweusi au wa bluu. Kwamba mpokeaji hana mamlaka ya kuamua pingamizi. Kazi yake ni kulipokea, kutia saini, tarehe na muhuri, na kumrudishia mlalamikaji nakala yake. Kwamba mwenza aliyechangia kununua au kujenga ana haki ya kupinga kwa jina lake mwenyewe. Na kwamba pingamizi likishapokelewa, jiwe lolote lisipandwe kwenye kiwanja hicho mpaka pande zote zisikilizwe.

Modesta aliinuka, akaja kusimama nyuma ya kompyuta.

"Soma tena hapo mwisho," Modesta alisema.

Alisoma tena.

"Kwa hiyo haya yote yalikuwa humu ndani?" Mama Chenge alitoa simu yake kwenye mfuko wa sketi, akaitazama kana kwamba imemwibia. "Humu? Nalala nayo chini ya mto!"

"Yalikuwemo," Obedi alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Steshenari inachapa ukurasa wenye mstari wa saini, basi. Wanaokoa karatasi, na wewe unapoteza nyumba." Aligeuza kompyuta ikamwelekea mjane. "Kaa. Jina kamili la mlalamikaji. Kisanduku hiki hapa. Andika."

Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Kidole kimoja kilizunguka juu ya herufi, kikashuka. N. Kikatafuta tena. K. Kisha W, kisha A. Obedi alisubiri mpaka Nkwabi Shimba alipokamilika ndani ya kisanduku.

"Nkwabi ndiye analalamika?"

"Ndilo jina la nyumba."

"Nkwabi yuko wapi, mama Chenge?"

"Unajua alipo. Ulibeba jeneza."

"Basi marehemu hapeleki pingamizi. Ukiandika hivyo, umewapa kwa mkono wako. Watasema mali ni ya marehemu, na ndugu yake huyu hapa."

"Karani, taratibu," Modesta alisema.

"Sina taratibu! Niliwahi kwenda taratibu mara moja maishani na watu sabini wakaenda nyumbani mikono mitupu."

Mama Chenge aliweka mikono mapajani. "Nikiandika jina langu, ukweni watasema nimemzika mume wangu mara ya pili. Watasema nilikuwa nasubiri afe."

Ni jambo la kweli hilo, na wanaolicheka hawajawahi kuwa wajane. Obedi naye hakulicheka. Alivuta stuli akakaa karibu.

"Tofali za ile nyumba alifyatua nani?"

"Yeye."

"Maji ya kufyatulia?"

"Nilichota mimi, kule bondeni. Ndoo kichwani, Chenge mgongoni."

"Hela ya kiwanja?"

"Nusu ng'ombe wake wawili, nusu mapanki yangu." Zamani, kabla miguu haijaanza kumsumbua, alikuwa anakaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yenye vichwa na mifupa, kando ya ziwa na kuyauza kwa wapagazi wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa. "Na karatasi ya kununulia ipo. Mwaka tisini na nane. Nkwabi alisaini, akanivuta mkono, akasema na wewe weka dole lako hapa, usije ukasema nilinunua peke yangu."

"Alisema hivyo?" Modesta aliuliza.

"Mbele ya balozi wa nyumba kumi."

"Sasa kama mwenyewe alikuvuta mkono, wewe unamkatalia nini leo?"

Mama Chenge alisogea mbele kwenye kiti. Kisha alinyoosha kidole kwenye kitufe cha kufutia na kuanza kumwondoa Nkwabi, herufi moja baada ya nyingine, kwa upole, kama mtu anayekunja shuka la mgonjwa. Kisanduku kilipokuwa kitupu alishusha pumzi.

"Herufi kubwa inapatikanaje?"

Obedi alimwonyesha. Akaandika B. Ilimchukua dakika nyingi, na chai ilipoa, lakini jina lilikaa pale lote, Bernadeta Lukas Malimi, jina ambalo watu wa mtaa hawakuwa wamelisikia tangu padri alipolitaja siku ya ndoa.

Mengine yalijazwa haraka: namba ya kiwanja, majirani wa pande nne, sababu. Hati ya mauziano ililetwa, ikapigwa picha na kuunganishwa mwishoni. Obedi aligonga printa ubavuni. Ikakohoa, ikavuta karatasi, ikatoa fomu safi kabisa. Safi mno. Visanduku vyote vilikuwa vitupu.

"Haya," Modesta alisema. "Mke mwenzangu amekula majina."

Obedi alijaribu tena, visanduku vitupu tena. Kwenye kioo jina lilionekana, kwenye karatasi halipo. Mama Chenge alianza kusimama, uso wake ukisema kwamba ndiyo hivyo, hata mashine imekataa.

"Kaa chini," Obedi alimwambia. "Haijakukataa. Maandishi yako yanaelea juu ya fomu, mashine inaona fomu ya chini tu." Alipekua mipangilio ya kuchapa, akapata pale panaposema ukurasa uchapwe kama picha, akaweka alama. Safari hii maneno yalitoka, lakini kama moshi, kijivu cha kupotea. Wino mweusi ulikuwa umekauka. Akaiamuru printa ichanganye rangi zilizobaki. Nazo hazikuwa kamili, njano ilikuwa imekwisha tangu msimu wa harusi, basi kilichotoka ni bluu. Bluu kila mahali, kichwa cha fomu, mistari, jina, hata saini ya Nkwabi na dole gumba la mkewe kwenye ile hati.

"Wataikataa hii," mama Chenge alisema.

"Ukurasa wa pili unasemaje kuhusu wino?"

Alifikiri. "Mweusi au wa bluu."

"Umeshaanza kuwa hatari," Obedi alisema, akagonga tena ubavu wa printa ili itoe nakala ya pili.

Ijumaa, saa nane na nusu, Obedi na mama Chenge waliingia ofisini kwa wapimaji. Foleni ilikuwa ndefu, karibu kila mtu ameshika ukurasa mmoja wa steshenari. Walipofika mbele ilikuwa imebaki robo saa.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama," Alexander alisema kwa adabu zote.

"Marahaba."

Aliichukua fomu, na adabu ikaisha. "Hii ya bluu ya wapi?"

"Ya sebuleni kwangu," Obedi alijibu.

"Mzee, tunapokea fomu ya steshenari ya getini tu. Ndio utaratibu."

"Nionyeshe ulipoandikwa."

"Ni utaratibu wa ofisi. Na huyu mama nilishamweleza jana, daftari linasema..."

"Usiniambie mimi. Mwenye pingamizi huyu hapa."

Mama Chenge alisogea mpaka kifua kikagusa kaunta. Alifungua ukurasa wa pili wa nakala yake na kuuweka mbali kidogo na macho, maana hana miwani. Alisoma kwa sauti ya darasa la saba, neno kwa neno, akisimama kwenye kila nukta. Hakumsomea Alexander peke yake. Alipofika "fomu hii ni bure" aligeuka akaisomea foleni.

"Hiyo imeandikwa wapi?" mwanamke mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Ukurasa wa pili. Unayo kwenye simu yako, mama. Ile ya mwenyekiti. Shuka chini."

Ungewaona! Simu zilitoka mifukoni, kwenye vitenge, kwenye sidiria. Vidole vilipanda na kushuka kwenye vioo. "Ipo!" mtu alipiga kelele. "Jamani ipo, ukurasa wa pili!" Mzee mmoja alimpa jirani simu yake amkuzie maandishi. Mwanamke anayeitwa Hadiya, muuza vitenge wa mtaa wa chini, alikunja ukurasa wake wa steshenari, akautia mkobani na kusema kwa sauti ya wote kuisikia, "Kumbe nilinunua robo fomu."

Alexander aliangalia saa ukutani. Zilibaki dakika nne. "Mama, subiri nimpigie bosi, urudi Jumatatu..."

"Hapa pameandikwa kazi yako ni kupokea," mama Chenge alisema. "Kuamua si kazi yako. Au wewe hujausoma?"

Kijana aliuvuta ule ukurasa wa bluu karibu, na Obedi aliona midomo yake ikicheza. Alikuwa anausoma kwa mara ya kwanza. Na yeye alikuwa amepewa ukurasa mmoja na kuambiwa akae kaunta. Obedi alijiona pale mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na kitu kando ya foleni ya madole gumba, na hasira yake ikamgeukia mwenyewe.

"Mwanangu," alimwambia, "gonga muhuri. Utalala vizuri."

Muhuri uligongwa saa tisa na dakika ishirini na nane. Saini, tarehe, nakala ikarudi kwa mwenyewe. Nyuma yao mtu alikuwa anauliza nyumba ya Karani iko upande gani, na kusema kwamba atakuja na karatasi zake mwenyewe.

Asubuhi ya Jumamosi Obedi alikuwa nje, mswaki mdomoni, aliposikia gari. Pikapu ilipita mlangoni kwake, nyuma imebeba mawe ya zege yenye chuma kichwani, ikasimama nyumba ya tatu. Mbele, karibu na dereva, alikuwa amekaa Mhoja Shimba, koti la sherehe limemkaa vizuri. Msimamizi wa wapimaji alishuka nyuma na ubao wake, vijana wawili wakaruka, wakashusha jiwe moja, wakaanza kuchimba kwenye kona ya uzio wa minyaa. Obedi alitema povu, akaenda bila kunawa.

Mjane alishatoka, amejifunga khanga, karatasi za bluu mkononi.

"Mwangaluka, shemeji," Mhoja alisalimia kwa Kisukuma akiwa bado garini.

"Mwangaluka." Alimpita, akaenda moja kwa moja kwa msimamizi wa wapimaji na kumpa nakala yake yenye muhuri, imefunguliwa ukurasa wa pili. Msimamizi aliusoma. Akausoma tena. Akawapigia vijana mluzi, sululu zikasimama.

"Mnasimama nini?" Mhoja alishuka. "Hapa ni kwa kaka yangu, mtaa wote unajua. Muulizeni mwenyewe!"

Msimamizi alifungua ubao wake wa karatasi, akatoa kalamu sikioni. "Mama, kwa kumbukumbu zangu. Hapa ni kwa nani?"

Modesta alikuwa amefika, na majirani wengine watatu, na Obedi bado na mswaki wake mkononi. Mama Chenge alimtazama shemeji yake, kisha ile nyumba.

"Kwa Bernadeta."

"Bernadeta nani? Nitajie niandike."

"Lete." Alimchukulia kalamu mkononi, akaegemeza ubao kwenye boneti ya gari na kuandika mwenyewe, majina yote matatu, akikandamiza mpaka karatasi ya chini ikapata alama. Mhoja alisema jambo kuhusu kikao cha ukoo. Vijana walilinyanyua lile jiwe, wakahesabu moja, mbili, wakalirudisha nyuma ya pikapu likatoa kishindo.

Shimo walilolichimba lilikuwa bado wazi kwenye kona ya minyaa. Gari lilipogeuza, Bernadeta alivua kandambili moja na kuanza kulifukia kwa mguu.